Muulize Fundi: IST inatetemeka asubuhi, ikipata moto inatulia

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya cc 1290. Kila asubuhi nikiwasha inatetemeka na kutaka kuzima. Baada ya dakika tatu nne inatulia, na siku nzima haisumbui. Taa ya injini huwaka siku mbili tatu kisha inazima yenyewe. Nimeshabadilisha plagi zote na koili moja, nozeli zimesafishwa, na fundi wa mwisho ananiambia nitafute injini nyingine. Je, nikiwa naipasha moto dakika kumi kabla ya kutoka itasaidia?
Mama wawili, Kimara Temboni

JIBU: Marahaba, dada yangu. Hela ya injini usiiguse kwanza. Injini iliyochoka haiponi yenyewe kila siku saa moja asubuhi.

Hao mafundi siwalaumu sana. Ukitoka Kimara na foleni yote ile ya Morogoro Road mpaka Gerezani, gari linafika limeshapata moto na ugonjwa umejificha. Fundi anasikiliza, hasikii kitu, anabadilisha alichozoea kubadilisha. Wateja wa namna yako huwa nawaambia walete gari jioni, lilale gereji, na asiliwashe mtu hata kwa kulisogeza.

Kuna watakaosema Dar hakuna baridi. Kwa injini ipo: alfajiri ya nyuzi 25 iko mbali na zile 80 hadi 90 ambazo injini hufanyia kazi. Petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma cha baridi, kwa hiyo kompyuta huongeza mafuta kwa kufuata sensa ya joto la maji. Basi asubuhi, kabla ya kuwasha, fundi achomeke mashine ya kupimia na afungue switchi tu. Gari limelala usiku kucha, joto la maji na la hewa inayoingia lazima yakaribiane. Maji yakisoma 80, au -40, sensa hiyo au waya wake una matatizo.

Mimi lakini namshuku mwingine: gasketi ya menifoldi ya kuingizia hewa, yaani kizibo cha pale mabomba ya hewa yanapoungana na injini. Kwenye injini za Toyota za familia ya NZ, kama yako, menifoldi ni ya plastiki na gasketi yake ni ya mpira. Mpira ukizeeka unakakamaa. Asubuhi unaacha upenyo, injini ikipata moto unatanuka na kuziba. Hewa inayopenya hapo haikupita kwenye sensa ya hewa, kompyuta haina habari nayo, petroli inakuwa pungufu, gari linatetemeka. Kodi P0171, yaani namba ya kosa inayosema petroli ni pungufu, ikitokea kwenye mashine, shaka yangu inazidi.

Kuhakikisha ni rahisi. Injini ikiwa bado ya baridi na inaunguruma, chukua chupa ya kunyunyizia maji, ile ya saluni, unyunyizie kidogo kidogo pale menifoldi inapokutana na injini. Mlio ukibadilika, umempata. Wengine hutumia dawa ya kusafishia kabureta. Inafanya kazi, ila inashika moto, sikushauri. Koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, usizilowanishe. Na atakayetaka kupaka gundi badala ya kuweka gasketi mpya, mwombe ufunguo wako.

Ikiwa mashine inaonyesha P0301 hadi P0304, tarakimu ya mwisho ndiyo silinda inayokosa moto. Hamisha koili yake kwenda silinda ya jirani. Kodi ikihama nayo, koili imekufa. Isipohama, na maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakovuja, hapo tuzungumzie gasketi ya silinda hedi, ile ya chini ya kichwa cha injini, huenda inapitisha maji ndani ya silinda. Hiyo gharama yake ni nyingine kabisa.

Kuhusu kupasha moto dakika kumi: gari lisilo na ugonjwa halihitaji. Nusu dakika inatosha, kisha uondoke taratibu bila kulikanyagia mafuta. Lako, mpaka gasketi ibadilishwe, subiri litulie kabla hujaingia barabara kubwa, lisije likakuzimikia mbele ya daladala.