Shika ufunguo mmoja wa sanduku

Kikundi chetu cha akiba kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zake zinakaa kwa wanawake watatu wa nyumba tofauti, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Mmoja wao ni mimi, na naamini ufunguo huo ndio ulioniokoa.

Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, Naguru. Baba alikuwa afande, nyumbani ni Kiswahili tu, na msiba wa jirani ulikuwa msiba wetu. Nilipopata kazi ya karani wa hesabu nikahamia Kireka, nikaanza kusomea CPA, mitihani ya uhasibu. Hapo nikajiambia yale ambayo vijana wengi wa Kampala wanajiambia: ngoja nijifungie kwanza, nipasi, halafu nitarudi kwa watu. Nikaacha harusi, nikaacha matanga, simu za shangazi nikawa sipokei. Hata kwenye kikundi nilifika, nikafungua kufuli, nikaondoka. Niliona hiyo ndiyo bidii. Miezi minane nilitoka kazini jioni nikasoma hadi saa saba usiku, na kesho yake vivyo hivyo.

Matokeo yakatoka. Nimefeli pepa mbili.

Sikulia, nililala. Kazini nikasema nina malaria, maana malaria haiulizwi maswali, kisha nikazima simu. Jumapili kikundi kikakutana, sanduku likakaa limefungwa, na mwenzetu mmoja alikuwa anangoja mkopo wa karo. Jumatatu jioni nikasikia hodi. Mama mwenyekiti, mjane wa polisi, aliingia, akatazama sufuria ya posho, yaani ugali, iliyoota ukungu, akavua viatu. Habari za mtihani hakuuliza. Aliwasha sigiri, akachemsha chai kavu ya tangawizi, akanitilia maji ya kuoga kwenye beseni. Nilipotoka kuoga nikampa ufunguo. Akaukataa.

"Kaa nao, mwanangu. Jumapili uulete mwenyewe."

Nikaupeleka.

Kwa hiyo wewe unayesaka cheo, shahada au leseni, nakuomba: usiwe mwanachama wa kukaa nyuma tu. Chukua kazi ambayo usipotokea itakwama. Shika daftari la munno mukabi, kikundi cha kusaidiana kwenye shida, tunza jezi za timu, beba ufunguo wa chumba cha kwaya. Watu wema wapo wengi, lakini mjini kila mtu ana mbio zake, na aliyenyamaza anasahaulika bila ubaya wowote. Kazi iliyokwama haisahauliki.

Kisha waambie unasaka nini, na uwaambie wakuulize nini. Wenzangu walipojua, kila Jumapili ikawa "Umepasi?" Walikuwa wananitakia mema, lakini swali lile lilinikata tumbo. Nikawaomba waniulize "Umelala?" Wanaliuliza hadi leo, na siku nikijibu hapana, yupo anayenipikia jioni ile.

Haya si maneno ya faraja tu. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai hapa Uganda, ilijaribiwa tiba ya vikundi kwa watu wenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Katika nusu ya vijiji walikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa hukohuko waliopewa mafunzo. Hali yao ilipata nafuu kubwa kuliko ya wenzao wa vijiji visivyopata vikundi, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa tiba hiyo. Kilichonigusa zaidi ni kwamba wenyeji walikuwa na majina yao ya ugonjwa ule: yo'kwekyawa, kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia. Nilipoyasoma nikajiona mwenyewe kitandani Kireka.

Ila kikundi si daktari. Usingizi uliponikataa wiki ya tatu, nikaanza kuwaza kwamba heri nisiamke, nilimwambia Mama mwenyekiti. Kesho yake asubuhi tulipanda taksi hadi Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili. Hospitali hiyo ipo tangu 1955 na jina lake tumeligeuza tusi, ndiyo maana watu wanaiogopa. Mimi nilikuta foleni: bwana mwenye suti, msichana wa sare ya shule, mama mwenye mtoto mgongoni. Tulikaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu, yeye ameshika mkoba wangu mapajani kana kwamba ni wake. Mawazo kama yale yakikujia, usingoje matokeo wala mwisho wa muhula, mwambie mtu leo hii na akupeleke. Walio mbali na Kampala, hospitali za rufaa za mikoa kama Arua, Gulu na Mbale zina vitengo vya afya ya akili.

Pepa moja nimeshaipasi, nyingine naifanya tena. Vitabu viko mezani, na ufunguo nimeutundika kwenye msumari juu yake. Jumapili saa tisa lazima nitoke, sura iwe imeisha au haijaisha.