Muulize Mzee wa Karakana: Treni isiyogusa njia yake

SWALI: Shikamoo mzee. Kaka yangu anasoma Ufaransa, mji wa Orléans. Amenitumia picha aliyoipiga akiwa ndani ya treni. Ni njia ndefu ya zege iliyosimama juu ya nguzo katikati ya mashamba ya ngano. Haina reli, haina waya, haianzii mjini wala haiishii mjini. Wenzake wamemwambia ilikuwa ya treni iliyoelea hewani na kukimbia kuliko treni zote za wakati wake. Mimi nimemwambia wanamtania. Nani mkweli? Na kama ilikuwa na mbio hivyo, mbona wakaitelekeza? Msomaji, Kilosa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hawamtanii. Njia hiyo nimeiona na nimeigusa. Mwaka 2005 nilikwenda kumtembelea binti yangu huko, tukapanda treni stesheni ya Austerlitz, Paris, kuelekea Orléans. Nilikuwa nasinzia. Kufumbua macho naona nguzo, nguzo nyingine, tena nyingine, zinapita dirishani zimejipanga kama mikonge. Nikamtikisa binti yangu, “Ile ni njia ya nini?” Hakujua. Sikumpa nafasi ya kupumzika mpaka Jumamosi akanirudisha kwa gari.

Nguzo zina kimo cha mita 5 hivi. Zege limeota ukungu wa kijani upande usiopata jua, na vijana wamelichora kwa rangi. Niliweka kiganja kwenye nguzo moja, nikafumba jicho moja na kutazama juu kufuata ukingo wa njia. Ulikuwa umenyooka mpaka macho yangu yalipokomea. Mimi nimefanya kazi karakana ya reli Morogoro miaka 27, na kazi iliyopimwa kwa uchungu naijua nikiiona.

Aliyeibuni ni Jean Bertin, mhandisi Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1917. Alitoka kwenye injini za ndege, na katikati ya miaka ya 1950 akafungua kampuni yake. Vijana wake walikuwa wanatafuta namna ya kupunguza kelele za injini, wakagundua kwamba hewa ikisukumwa kwa nguvu kati ya bamba na sakafu, bamba linanyanyuka. Hata wewe unaweza kuliona jambo la namna hiyo nyumbani leo. Suuza bilauri kwa maji ya moto, kisha ifunike kifudifudi juu ya meza laini iliyolowa. Hewa ya ndani inapata joto, inatanuka, inatafuta pa kutokea chini ya mdomo wa bilauri, na bilauri inaanza kuteleza yenyewe. Bertin alifanya hivyo kwa gari zima. Feni zilisukuma hewa chini ya behewa, likainuka milimita chache tu, na kutoka hapo hakuna gurudumu linalosagika wala reli inayolika. Njia yenyewe ina umbo la herufi T iliyopinduliwa, na ule ukuta wa katikati ndio ulioshika behewa lisichomoke pembeni.

Gari la kwanza, dogo, nusu ya kipimo kilichokusudiwa, lilianza majaribio mwishoni mwa mwaka 1965 huko Gometz, kusini mwa Paris, kwenye njia ya km 6.7. Aliliita Aérotrain. La pili, mwaka 1969, lilifika km 422 kwa saa. Hiyo ya kaka yako ndiyo kubwa: km 18, kaskazini mwa Orléans, kwa ajili ya gari la abiria 80. Mwanzoni lilisukumwa na panga kubwa lililofungwa nyuma, likizungushwa na tabo (turbini) za gesi. Mwaka 1973 wakalitoa panga, wakafunga injini ya ndege aina ya JT8D, jamii ileile iliyokuwa kwenye Boeing 737-200 ambazo sisi tulizoea kuziona zikitua Dar es Salaam. Tarehe 5 Machi 1974 likafika km 430 kwa saa. Kwa mwendo huo km 18 ni dakika mbili na nusu. Ukitoa sehemu ya kuongeza mwendo na sehemu ya kufunga breki, dereva alibaki na nafasi finyu mno ya kuonyesha alichonacho. Kila mwisho wa njia palikuwa na jukwaa la kuligeuza gari, kama zile meza za kugeuzia vichwa vya treni za mvuke.

Sasa kwa nini wakaiacha? Utasikia watu wakijibu “mafuta,” kwa sababu bei ilipanda vibaya mwaka 1973. Jibu hilo halinitoshi. Hata TGV, treni ya mbio ya reli ya Ufaransa, ile ya kwanza ya majaribio ilitumia tabo za gesi, wakaibadilisha ikawa ya umeme na ikaendelea. Na Bertin naye alishakuwa na gari la umeme, S44, lililojaribiwa hukohuko Gometz. Mkataba wa kujenga njia ya kweli, kutoka La Défense pembeni mwa Paris hadi mji mpya wa Cergy, ulikuwa wa gari la umeme. Ulitiwa saini tarehe 21 Juni 1974. Tarehe 17 Julai serikali ikaufuta. Hesabu mwenyewe: siku 26.

Kelele nazo zilikuwa nyingi, hilo nalikubali. Lakini kwangu mimi mzizi uko kwenye kitu ambacho sisi watu wa reli tunakutana nacho kila siku. Nenda Kidatu. Hapo TAZARA na reli yetu ya zamani zinakutana na haziungani, kwa sababu moja ina upana wa milimita 1,067 na nyingine milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, haifiki upana wa kiganja changu, na kwa hizo 67 kontena linanyanyuliwa kutoka behewa moja na kuwekwa lingine. Sasa fikiria njia isiyo na reli kabisa. TGV ilijengewa njia mpya, lakini inapokaribia mjini inaingia kwenye reli za zamani na kusimama stesheni ileile ya siku zote. Aérotrain isingeweza. Kila mji ingebidi upasuliwe upya kupitisha zege, na kila mahali pa kubadili njia ingebidi kipande kizima cha ule ukuta wa katikati kihamishwe. Mwenye reli zake tayari, tena za nchi nzima, hawezi kulipokea hilo kwa furaha.

Hiyo haiwapi watu ruhusa ya kusema mashine ilishindwa. Haikushindwa. Ilifanya kila ilichoahidi, na aliyeitengeneza hakuwa mwota ndoto. Alikuwa fundi aliyepanda ngazi moja baada ya nyingine, kutoka gari dogo hadi la watu 80, ndani ya miaka minne. Linaloniuma ni hizo siku 26. Bertin alifariki tarehe 21 Desemba 1975, akiwa na miaka 58. Gari kubwa liliendelea na majaribio mpaka mwisho wa mwaka 1977, kisha likafungiwa bandani Chevilly, kando ya njia yake, na mwaka 1992 likateketea kwa moto humohumo. S44 lilikuwa limeungua mwaka mmoja kabla. Mwaka 1981 TGV ilianza safari za Paris hadi Lyon, na siku hizi ukitaja treni za mbio za Ufaransa hakuna anayekutajia Bertin.

Nina ombi kwa kaka yako. Nilipokwenda mimi, niliiona njia kutoka chini tu, kwa hiyo ule ukuta wa katikati sijawahi kuuona. Baadaye ilijengwa barabara kuu ya A19, wakaondoa kipande cha njia ili barabara ipite. Mwambie asipande juu, ni hatari. Asimame pale ilipokatwa, apige picha ya uso wa zege kwenye mkato, T yote ionekane, halafu wewe uniletee.