Maswali ya Wasomaji: Msiba wa Wakanda

Barua nyingi za toleo hili zinahusu Black Panther: Wakanda Forever, filamu ya Ryan Coogler iliyotoka Novemba 2022, kuhusu Wakanda, taifa la kubuni barani Afrika. Tumejibu nne. Kama hujaiona na hutaki kujua inavyoisha, iweke safu hii kando kwanza.

Wahusika wengine wa sinema hubadilishiwa waigizaji. Kwa nini T'Challa hakupewa mtu mwingine? (Msomaji, Mwanza)

Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa, mfalme wa Wakanda, alifariki tarehe 28 Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na miaka 43. Aligundulika kuwa nayo mwaka 2016, na wengi aliofanya nao kazi hawakujua. Coogler alikuwa amekwisha kuandika skripti ya sehemu ya pili, ambamo T'Challa alikuwa baba akijaribu kuwa karibu na mwanawe. Angewekwa mtu mwingine, waigizaji wale wale wangelazimika kumkumbatia mgeni kana kwamba hakuna aliyezikwa. Ikaamuliwa mfalme naye afe kwa maradhi. Hatumwoni akikata roho. Tunamwona dada yake Shuri maabara, akihangaika kuunda upya ule mmea wenye umbo la moyo unaowapa wafalme wa Wakanda nguvu, ambao binamu yao Killmonger aliuteketeza katika filamu ya kwanza, hadi mama yao, malkia Ramonda, anapoingia kumwambia kwamba kaka yake amekwenda kwa mababu. Wazo la baba na mwana halikupotea, nalo tutalifikia.

Kwa nini wanavaa nyeupe mazishini, na kwa nini Shuri anakataa kuichoma ile nguo? (Msomaji, Kisumu)

Nyeupe si jambo la kubuni. Waakani wa Ghana, kwa mfano, huivaa wanapomzika mzee aliyekula chumvi nyingi. Mavazi ni kazi ya Ruth E. Carter. Filamu ya kwanza ilimpa Oscar mwaka 2019, hii ikampa ya pili mwaka 2023, na hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kupata mbili kabla yake. Liangalieni jeneza: juu yake imechongwa mikono iliyopishana kifuani, ile salamu ya Wakanda. Umati unacheza ngoma, halafu jeneza linapaa kuingia katika chombo cha angani na sauti zinakatika. Nembo ya studio inapita kimya, imejaa picha za Boseman.

Kiini cha filamu kiko kwenye nguo. Mwaka unapotimia, Ramonda anampeleka binti yake kando ya mto wakachome nguo za msiba, kama sisi tunavyoanua matanga. Anamweleza kwamba alipokwenda porini kukaa na uchungu wake, alimhisi T'Challa katika upepo, kama mkono begani. Shuri anajibu kwamba hayo ni mambo ya akilini tu, na kwamba akikaa kumfikiria kaka yake hataishia kuchoma nguo, atachoma dunia nzima. Papo hapo Namor, mfalme wa taifa lililofichika chini ya bahari, anatokea majini na shughuli inakatika. Basi nguo haikuchomwa, na vita yote inayofuata imebeba uzito wa jambo hilo lililoachwa njiani. Kila aliyewahi kukaa matangani anamjua mtu wa namna ya Shuri: hapumziki, leo sufuria kesho turubai, halafu wageni wakishaondoka ndipo anaporomoka. Maabara ndiyo jiko lake.

Shuri alipokunywa dawa, mbona alimkuta Killmonger na si mama yake au kaka yake? (Msomaji, Bukavu)

Dawa hiyo hutokana na ule mmea, na anayeinywa huwatembelea waliokufa. Katika filamu ya kwanza T'Challa alimkuta baba yake, na Killmonger naye wa kwake. Mnywaji hukutana na yule anayelingana na kilichomjaa moyoni. Shuri anakunywa baada ya Ramonda kufa maji katika mafuriko ya Namor, akimwokoa Riri, mwanafunzi mvumbuzi kutoka Marekani, na anachotaka ni kisasi, kwa hiyo anaitikiwa na ndugu aliyeishi kwa kisasi, katika ukumbi wa kiti cha enzi unaowaka moto. Baadaye, Namor akiwa chini ya mkuki wake, ndipo anapomwona mama yake na kuuzuia mkono.

Kasoro zipo. Visa vya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na vya suti ya chuma ya Riri vinakula muda ambao Nakia, mpenzi wa T'Challa, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, angestahili. Huyu hakuhudhuria hata mazishi ya mtu aliyempenda, na tunapewa maneno machache mno kulihusu.

Mpwa wangu ana miaka 9, amefiwa na baba mwaka huu. Anaililia filamu hii. Nimwonyeshe? (Msomaji, Muscat)

Pole sana dada, Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Marekani imeiweka katika daraja linalowatahadharisha wazazi wenye watoto walio chini ya miaka 13, kwa hiyo itazame kwanza peke yako. Mwambie mapema kwamba inaanza na kifo cha mgonjwa. Akisita, anzeni baada ya ile nembo ya kimya. Ina dakika 161, nyingi kwa mtoto, igaweni jioni mbili. Mkatize pale Nakia anapomtoa Shuri chini ya bahari. Mkisubiri mafuriko yanayomuua malkia ndipo mkatize, atalala na picha hiyo kichwani. Siku ya pili kaa naye karibu mafuriko yanapoanza, na usimkataze kulia.

Mwisho msiuruke. Shuri yuko ufukweni Haiti, peke yake, anaichoma ile nguo, na picha za kaka yake zinapita bila sauti. Majina yakianza kupita msizime: Nakia anakuja na mtoto wa kiume, Toussaint, ambaye jina lake la Kiwakanda ni T'Challa, mwana wa T'Challa. Nakia anaeleza kwamba T'Challa aliwaandaa kwa kifo chake, ndiyo maana hawakwenda mazishini. Mpwa wako huenda akataka kuulizia hapo hapo. Simamisha video umjibu. Baada ya kipande hicho hakuna kingine.