Mteja Kiziwi Mezani: Kuagiza Si Kazi, Kazi Ni "Imeisha"

Ukurasa wa Maswali na Majibu ya Wasomaji

SWALI: Nina mgahawa wa meza 12. Mteja kiziwi akiingia, wahudumu wangu wanaanza kutegeana. Mmoja anapaza sauti, mwingine anakimbilia kalamu, wa tatu anajificha jikoni. Hivi wao wenyewe wanapenda nini: tuandikiane, tuoneshane kwa mikono, au nitafute mtu anayejua lugha ya alama?
*Mwenye mgahawa, Dodoma*

JIBU: Inategemea ni nani aliyekaa mezani. Aliyezaliwa kiziwi na kusoma shule ya viziwi, lugha yake ya kwanza mara nyingi ni Lugha ya Alama ya Tanzania. Aliyepoteza usikivu ukubwani anasoma na kuandika Kiswahili kama wewe, na pengine anaongea vizuri kabisa, ila jibu lako halisikii. Mwenye usikivu hafifu atataka tu mpunguze spika iliyo juu ya kichwa chake. Kwa hiyo mhudumu asibahatishe. Aweke mezani menyu, daftari dogo na kalamu, amtazame mteja usoni, kisha asubiri mteja achague. Wengi watachukua menyu na kunyoosha kidole, hata wanaoandika vizuri, kwa sababu ndiyo njia ya haraka.

Hapo ndipo mhudumu hudhani amemaliza. Kuonesha chakula kwenye menyu ni rahisi, mtoto pia anaweza. Kinachoharibu ni maswali yanayofuata. Soda ya baridi au ya moto? Kuku wa kukaanga au wa kuchoma? Pilipili juu au pembeni? Unakula hapa au tukufungie? Na lililo baya kuliko yote: mhudumu anarudi baada ya dakika kumi kusema pilau imeisha, anasema kwa mdomo huku ameshageuka kwenda meza nyingine. Mteja anadhani ameambiwa asubiri, anaitikia kwa kichwa, na anakaa nusu saa akingoja chakula ambacho hakuna anayekipika.

Dawa ya "imeisha" ni kuisema kabla mteja hajafungua menyu. Ipeleke menyu yako stationari ikapigwe laminesheni, kisha kila asubuhi mpishi akitaja kisichokuwepo, kipige mstari kwa kalamu ya ubao mweupe. Wino wake unafutika kwa kitambaa kikavu. Kikiisha saa nane mchana, piga mstari saa nane, usingoje kesho. Kila chakula kiwe na namba na bei yake, na vile ambavyo mgeni wa mji huenda havijui viwe na picha. Picha iwe ya sahani yako mwenyewe, maana iliyotolewa intaneti huleta ugomvi sahani inapofika.

Halafu tengeneza karatasi ya maswali, ukubwa wa A5, nayo ipigwe laminesheni. Kila swali liwe na mstari wake na majibu yake kwenye visanduku: baridi / si ya baridi, kukaanga / kuchoma / kuchemsha, pilipili ndiyo / hapana / pembeni, hapa / kufungiwa, pesa taslimu / simu. Visanduku viwe na upana wa sentimita tatu hivi. Vikibanana, kidole kinafunika viwili na mhudumu anaokota jibu analolitaka yeye.

Oda ikishatolewa, irudiwe. Mhudumu aguse chakula cha kwanza kwenye menyu, aoneshe idadi kwa vidole, aguse cha pili, kisha aoneshe jumla kwenye kikokotoo cha simu. Kuitikia kwa kichwa kusihesabiwe kuwa oda. Kiziwi, kama mtu yeyote aliyechoka kuulizwa jambo asilolielewa, huitikia ili mambo yaishe. Ndiyo maana swali la kuchagua ni bora kuliko la ndiyo au hapana. Usiulize kama anataka soda. Mshikie chupa mbili.

Mkiandikiana, andikeni kifupi. Karatasi yenye maneno haya inamchosha mtu ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili: "Samahani kaka, pilau imetuishia ila kama hutajali tunaweza kukuandalia wali wa nazi baada ya dakika ishirini hivi." Hii inaeleweka: "Pilau imeisha. Wali wa nazi upo. Dakika 20. Unataka?" Sababu ni kwamba neno kama "hutajali" limebeba mtu, ukanushi na wakati kwa pamoja, ilhali katika lugha ya alama mambo hayo husemwa kwa mikono na uso, kila moja mahali pake. Heshima yako ioneshe kwa tabasamu, usiijaze kwenye sentensi.

Kuhusu lugha ya alama, huna haja ya kuajiri mkalimani. Wahudumu wakijua alama ishirini hivi wataleta tofauti kubwa: salamu, vyakula vya menyu yako, namba, bei, imeisha, subiri, asante. Mwalimu awe kiziwi mwenyewe, na njia nzuri ya kumpata ni kupitia Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Msijifunze kwa video za Marekani. Lugha ya alama ya kule si ya hapa, na mteja wako atabaki anakodoa macho. Ukitaka kuona mambo yakiwa kinyume, mgahawa wa Neema Crafts mjini Iringa, kazi iliyoanzishwa mwaka 2003 ili kuwapa ajira watu wenye ulemavu, umejulikana kwa wahudumu wake viziwi. Pale anayesikia ndiye anayeandika oda yake kwenye karatasi, na chakula kinafika.

Na jikoni pasisikike mtu akitangaza "oda ya bubu." Ni oda ya meza namba nne.

SWALI: Mimi sina menyu, na mchana foleni ni ndefu, sina muda wa kuandika. Kuna kijana kiziwi huja karibu kila siku. Ananyoosha kidole kwenye sufuria, nampakulia, kisha anakunja uso. Nakosea wapi?
*Mama lishe, Tabata*

JIBU: Mama, kidole chake kinakuambia sufuria ipi. Hakikuambii kiasi gani, wala kama mchuzi umwagwe juu ya wali au ukae kwenye kibakuli. Mpakulie huku sahani iko mbele ya macho yake, si nyuma ya hotpoti. Kila unapobadilisha sufuria, simamisha upawa juu ya sahani, mwangalie, inua nyusi. Atakuonesha kwa mkono: ongeza, inatosha, weka pembeni. Haizidi sekunde mbili, na foleni haitakusema.

Bei nayo ina vurugu zake. Kama una sahani ya 2,000 na ya 3,000, bandika utepe wa karatasi wenye gundi kwenye mifuniko na uandike bei zote mbili kwa kalamu nene. Asiponyoosha kidole kwenye bei, atakuonesha noti. Usipakue kabla hujaiona.

Huo uso uliokunjwa nao usiuogope haraka. Kwa watumiaji wa lugha ya alama, uso ni sehemu ya lugha: nyusi zilizokunjwa mara nyingi ni swali la "nini" au "ngapi", na zilizoinuliwa ni swali la ndiyo au hapana. Huenda kijana anauliza nyama ni vipande vingapi, wewe unadhani amenuna.

Soda iwe ya kuoneshwa: friji kwa ya baridi, kreti kwa ile ya moto. Jambo la mwisho, ukiuliza "nani anafuata?" yeye hasikii, na wajanja watampita. Foleni yake ilindwe na macho yako.

SWALI: Mimi ni kiziwi. Nikienda kula na mdogo wangu anayesikia, mhudumu anamuuliza yeye, "Huyu atakula nini?" Nikienda peke yangu, nasahaulika mezani. Nifanye nini nihudumiwe bila ugomvi?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Dada, kosa ni la mhudumu, na hapo juu tumeshamwambia mwajiri wake. Lakini kwa leo mchana, kuna vitu vitakusaidia.

Kaa ukiwa umeegemea ukuta na unatazama jikoni au kaunta. Utaona nani anakuja, na hutashtuliwa na sahani ya moto inayotokea nyuma ya bega. Kwenye simu weka picha yenye maandishi makubwa: "Mimi ni kiziwi. Naomba menyu. Tuandikiane." Iwe picha ndani ya simu, ili ifunguke hata bando likiisha. Mwoneshe mhudumu hiyo kabla hajaanza kuongea, maana akishaanza huona aibu kusimama katikati.

Oda yako iandike yote kwa mkupuo mmoja, pamoja na majibu ya maswali ambayo unajua yatakuja: "Sato 1 wa kukaanga. Ugali. Pilipili pembeni. Stoney ya baridi. Nakula hapa. Sato akikosekana: sangara. Jumla bei gani?" Mstari huo wa "akikosekana" unaokoa safari nzima ya mhudumu kwenda na kurudi. Kisha mwoneshe jinsi utakavyomwita: kuinua mkono, au kuisimamisha menyu wima mezani.

Mdogo wako naye mfundishe jambo moja. Akiulizwa kwa niaba yako, asijibu. Akuoneshe wewe kwa kiganja, halafu ainamie simu yake. Mhudumu hatakuwa na pengine pa kutazama ila kwako.

Wakati wa kulipa, omba namba ya malipo iandikwe, na uthibitishe jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Mhudumu akikutajia namba hiyo kwa vidole, kataa. Tarakimu zinageuka njiani.

SWALI: Nilimwandikia mteja kiziwi kwa Kiswahili safi kabisa, akanitazama tu kisha akarudisha karatasi. Alinidharau?
*Mhudumu, Nairobi*

JIBU: La, ndugu. Huenda hakukisoma. Kwa wanafunzi viziwi wa Kenya, Lugha ya Alama ya Kenya inaweza kuchukua nafasi ya somo la Kiswahili hadi kwenye mitihani ya taifa, na maandishi mengi ya darasani ni ya Kiingereza. Mtu anaweza kumaliza sekondari na vyeti vizuri bila kusoma Kiswahili kama somo. Hapo Nairobi anza na menyu na kidole, na ukiandika, andika Kiingereza kifupi. Mgeni kiziwi kutoka Tanga au Moshi akija kwako, mambo hugeuka: mwandikie Kiswahili. Na usishangae akitumia alama ambazo wateja wako wa kila siku hawazitumii, kwani nchi hizi mbili kila moja ina lugha yake ya alama. Ya Kenya, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge.

SWALI: Kwani si wanasoma midomo? Nikiongea polepole haitoshi?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Haitoshi. Simama mbele ya kioo useme bila sauti: bia, pia, mia. Midomo inafanya kitu kilekile mara tatu. Sasa sema "sita" kisha "sina". Mteja ameuliza bei ya kuku ni elfu ngapi, umemjibu "sita", yeye ameona "sina", anachukua mkoba wake anaondoka. Herufi za kooni kama k na g ndiyo hazionekani kabisa. Anayesoma midomo vizuri anajazia mapengo kwa kubashiri, na kubashiri kunataka mwanga usoni mwako, dirisha lisiwe mgongoni kwako, na kijiti kitoke mdomoni. Ukipaza sauti, mdomo unapindika na hata kile kidogo kilichokuwa kikionekana kinapotea. Sema kwa mwendo wako wa kawaida kama mteja mwenyewe ameomba hivyo, na bei iandike.

Programu za simu zinazogeuza sauti kuwa maandishi zinajua Kiswahili siku hizi na zinasaidia kwenye chumba kimya. Penye muziki na feni usizitegemee, na ukimwambia mteja "zege" ukimaanisha chipsi mayai, jiandae kueleza.

SWALI: Tunapeleka chakula majumbani. Tuna wateja viziwi kadhaa wanaoagiza kwa WhatsApp vizuri tu, lakini bodaboda akifika getini anapiga simu, haipokelewi, chakula kinarudi kimepoa. Hasara ni ya nani?
*Mwenye jiko, Arusha*

JIBU: Ni yenu. Mteja alishawaambia anatumia meseji, taarifa hiyo ikaishia kwenye simu ya ofisi. Kwenye karatasi inayobandikwa kwenye mfuko wa chakula andikeni kwa herufi kubwa: USIPIGE SIMU, TUMA MESEJI. Dereva atume meseji mara tatu: anapotoka jikoni, akibakiza kama dakika tano, na akiwa getini, hii ya mwisho ikiwa na picha ya geti lenyewe. Meseji moja tu ya "nimefika" haifai, kwa sababu mteja hawezi kukodolea simu saa nzima, na mtetemo wa simu iliyo juu ya kochi hakuna anayeuhisi.

Mteja atume ramani ya mahali alipo na aeleze mapema namna ya kumwita. Wengine wana kengele inayowasha taa ndani; wengine watasema mmulike dirisha la sebule kwa tochi usiku. Hilo liandikwe kwenye jina lake katika simu yenu, lisiulizwe upya kila oda. Kwa wale wanaokuja kuchukua wenyewe kaunta, msiite namba kwa sauti. Mpe kikaratasi chenye namba yake, na oda ikiwa tayari inueni namba hiyohiyo, imeandikwa kwa ukubwa unaosomeka kutoka mlangoni. Asipoiona, mhudumu atoke amfuate kwa mbele, ampungie mkono kwenye usawa wa macho. Ikibidi kumgusa, ni begani, kwa wepesi, mara moja.