Muulize Fundi: Matundu mawili, volti zile zile, mbona sauti tofauti?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nipo Nkuhungu hapa Dodoma, nina kompyuta ya mezani niliyoiunga mwenyewe na sauti natumia hii hii ya kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Hedifoni zangu ni za 32 ohm, yaani ukinzani wake kwa umeme. Nikichomeka nyuma kwenye lile tundu la kijani sauti inakuwa ndogo halafu besi inavimba kama ngoma iliyolowa, nikihamia mbele sauti inapanda na besi inatulia. Nikaazima mita nikapima: nyuma volti 1.05, mbele volti 1.05. Jamaa yangu anasema basi ni masikio yangu tu, au ninunue amplifaya. Nani mkweli hapo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Masikio yako mazima, mita nayo haijadanganya, tatizo umepima matundu yakiwa hayana kazi yoyote ya kufanya. Ni kama kushindanisha bajaji mbili zikiwa tupu kwenye lami, zote zitakimbia tu, we zipakie saruji ndo utajua ipi ina injini. Ndo maana tulivyoongea kwenye simu nikakwambia urudie ukiwa na mzigo, na majibu uliyonitumia nayaweka hapa na wengine wayaone, maana swali hili naletewa kila siku.

Mzigo wenyewe ni rezista, kile kidude kidogo cha kukinza umeme, ya 33 ohm, ile yenye mistari ya machungwa, machungwa, nyeusi, ya robo wati inatosha kabisa na bei yake haizidi chapati. Unachukua waya wa hedifoni mbovu, unaacha jeki, unazivua nyaya: ncha ya jeki ni kushoto, pete ni kulia, shina ni gandi, yaani waya wa kurudishia umeme. Unalehemu rezista moja kati ya kushoto na gandi, nyingine kati ya kulia na gandi. Usiunganishe kushoto na kulia, na angalia zile nyaya nyembamba zina rangi ya kuzihami ambayo haionekani, usipoichoma vizuri kwa moto wa lehemu haishiki, mi iliwahi kunipotezea jioni nzima nikidhani mazabodi imekufa kumbe waya haujashika.

Halafu kwenye Audacity, programu ya sauti ambayo ni ya bure, unatengeneza toni ya Hz 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) yenye nguvu ya mwisho, unaweka volyumu asilimia 100, unazima vikorombwezo vyote vya sauti kwenye Windows, vile vya kuongeza besi na kusawazisha. Hedifoni ziwe mbali na kichwa, tena bora ziwe chumba kingine. Kwanini Hz 100 na sio 1000? Kwasababu mita nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kupima umeme wa ukutani wa Hz 50, ukizipandisha sana zinaanza kusoma uongo. Na zile mita ndogo za njano zilizojaa madukani, upande wa AC zinaanzia 200, kwahiyo volti moja kwake ni kitu kidogo sana, itakuonyesha 1.0 au 1.1 na hapo hakuna kipimo. Tafuta yenye AC ya volti 2, kama hiyo uliyoazima.

Majibu yako sasa. Mbele bila mzigo 1.05, na mzigo 0.98. Nyuma bila mzigo 1.05, na mzigo 0.32! Umeona ilivyoporomoka? Chukua ya bila mzigo ugawe kwa ya mzigo, toa moja, zidisha na 33, unapata ukinzani wa tundu lenyewe. Mbele inakuja kama 2.4 ohm, nyuma inakuja kama 75 ohm. Yaani nyuma kila volti inayotoka, sehemu kubwa inaliwa humo humo ndani kabla haijafika masikioni. Kwa nguvu, mbele unapata kama miliwati 29, nyuma miliwati 3 tu, tofauti inakaribia desibeli 10, ambayo kwa sikio ni kama sauti imepungua nusu.

Na besi kuvimba inatoka hapo hapo. Hiyo 32 ohm iliyoandikwa kwenye boksi haikai 32 muda wote, hedifoni nyingi za kawaida ukinzani wake unapanda kwenye masafa ya besi. Tundu la 2.4 ohm halijali, volti inabaki pale pale. Tundu la 75 ohm, ukinzani wa hedifoni ukipanda na volti inapanda nao, basi besi inanona bila kuombwa. Wengi tunatumia kanuni hii: hedifoni iwe na ohm mara 8 ya tundu au zaidi. Kwa 75 ungehitaji hedifoni za ohm 600, nani anazo hapa mjini? Tundu hilo la nyuma kwako limekaa kwa ajili ya spika zenye amplifaya yake, na kwa hizo liko vizuri tu, usilitukane.

Sio kila mazabodi iko hivi, zipo ambazo nyuma ndo penye nguvu, na namba ya chipu ya sauti kama ALC897 au ALC1220 haikwambii, ile ni chipu, kati yake na tundu kuna vitu vingine. Pima yako. Amplifaya usinunue, chomeka mbele.

SWALI: Kaka habari, nipo Kibaigwa. Mi natumia hilo la mbele sasa, ila nikisogeza mausi nasikia kirrr kwenye hedifoni, na gemu likifunguka inazidi. Nibadilishe mazabodi?

JIBU: Nzuri. Hapana, fungua kasha kwanza. Kuna waya unatoka kwenye tundu la mbele unaenda chini ya mazabodi palipoandikwa HD_AUDIO, mara nyingi hauna kinga na umepita tumboni mwa kadi ya grafiki. Uzungushe mbali, uupitishe ukingoni, usiufunge pamoja na nyaya za umeme. Kama kirrr inakuja ukichomeka spika tu na hedifoni ziko kimya, hilo ni la gandi, spika na kompyuta chomeka kwenye soketi moja. Ukishindwa kabisa, kale kadongo (dongle) ka USB ka kuchomekea hedifoni kanakaa nje ya kasha na kelele nyingi zinabaki huko ndani.

SWALI: Fundi, naweza kupima kwa programu ya simu, naweka maiki kwenye hedifoni? Mpwapwa.

JIBU: Kulinganisha matundu mawili sawa, ila simu isitikisike hata kidogo. Kujua volti au ohm, hapana, tafuta rezista.