Maswali ya Wasomaji: Shujaa wa Kike na Kiuno cha Nyigu

SWALI: Shangazi yake binti yangu, ambaye anaishi Marekani, alipokuja likizo alimletea rundo la vitabu vya katuni, akasema ni hadithi za kuwafundisha wasichana kujiamini. Binti ana miaka 14 na amezipenda mno. Mimi nami nilizisoma usiku mmoja, nikabaki na dukuduku. Kila shujaa wa kike ana kiuno cha nyigu na mavazi ambayo sisi wa pwani hatuogelei nayo. Mwafrika niliyemkuta humo anaabudiwa na wanakijiji wa Kenya kama mungu wa mvua, na ana nywele nyeupe zilizonyooka na macho ya buluu. Inakuwaje kazi inayodai kumtetea mwanamke imchore hivi? Je, nimnyang'anye? — Mama wa binti mmoja, Kilifi

JIBU: Mama, tuanze na lile jepesi: usimnyang'anye. Ukimnyang'anya atazisoma kwa rafiki yake, na hapo hatakuwa na mtu wa kumuuliza maswali kama haya unayoniuliza mimi.

Swali lako la kwanza ndilo zito. Katuni ni sanaa ya haraka. Mchoraji ana kisanduku kisichozidi kiganja cha mkono, na humo inampasa amtambulishe mtu kwa mistari michache, kwa hiyo hukimbilia alama ambazo mnunuzi wa kitabu anazijua tayari: midomo ya namna fulani, macho ya namna fulani, umbo la namna fulani. Alama hizo ndizo makazi ya dhana potofu. Mwandishi anaweza kumpa mwanamke nguvu za kuinua gari na maneno ya kuwanyamazisha wanaume, na bado mkono unaochora ukaendelea na mazoea yake kama kwamba hakuna kilichobadilika.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Wonder Woman, shujaa wa kike wa katuni za Kimarekani, aliyetokea mwaka 1941. Mbunifu wake, William Moulton Marston, alikuwa mwanasaikolojia, na hakuficha kwamba alimkusudia awe mfano wa mwanamke anayestahili kutawala. Hata hivyo mwaka 1942, shujaa huyo alipoingizwa katika chama cha mashujaa wenzake wanaume, alipewa kazi ya ukatibu. Nguvu zote zile, kisha aandike kumbukumbu za mkutano! Tena huo ulikuwa upande wake yeye, mwanamke wa Kizungu. Katika hadithi zake za miaka ile ya vita, wapagazi weusi walichorwa kama vikaragosi na kupewa Kiingereza cha kuchekesha, na Wajapani walichorwa kwa namna ya kumfanya msomaji awachukie kabla hawajatenda lolote. Mwaka 1965 akaletewa adui kutoka China aliyeitwa Egg Fu: yai kubwa lenye uso na masharubu, ambalo hata matamshi yake yalikuwa ya kuwakejeli Wachina. Kwa hiyo unapomsikia mtu akisema kwamba katuni ile ilimtetea mwanamke, ni haki kumuuliza ni mwanamke yupi.

Swali hilo lilizidi kuwa zito katika miaka ya 1970, wakati harakati za wanawake zilipopamba moto Marekani. Julai 1972 jarida la kutetea haki za wanawake la Ms. lilimweka Wonder Woman kwenye jalada lake. Mwaka huohuo, huko San Francisco, kikundi cha wanawake wachoraji kilianzisha Wimmen's Comix, kitabu kilichochorwa na kuhaririwa na wanawake wenyewe na kuendelea kwa vipindi hadi 1992. Mmoja wa waanzilishi wake, Trina Robbins, alikuwa amekwisha kuwakemea wachoraji wanaume wa wakati ule waliogeuza udhalilishaji wa wanawake kuwa kichekesho, na alilipa gharama ya kuonekana mtu asiyejua utani. Kazi hiyo ilikuwa kubwa. Lakini waliokusanyika mezani walikuwa kwa sehemu kubwa Wazungu, na maisha waliyoyachora yalikuwa yao. Siwalaumu kwa kuchora wanachokijua. Ninachosema ni kwamba msomaji mweusi aliyekitafuta kisa chake humo hakukipata kwa urahisi. Mwaka 1973 Wonder Woman naye alipewa pacha mweusi, Nubia, aliyefinyangwa na mama yao kwa udongo kama yeye. Alitokea katika matoleo machache, kisha akawekwa kando kwa miaka mingi.

Sasa tumfikie huyo uliyemkuta Kenya. Anaitwa Ororo, au Storm, na alitokea mwaka 1975 katika hadithi za X-Men, kundi la mashujaa wenye nguvu za ajabu. Baba yake ni Mmarekani, na mama yake ametajwa kuwa binti wa ukoo wa kifalme wa Kenya kwa jina la N'Daré, jina ambalo mimi sijapata kulisikia katika kabila lolote la nchi hiyo, wala sielewi kibainishi kile kinafanya kazi gani. Unaona yaliyofanyika hapo: Kenya imekuwa pazia la nyuma, lenye ukame na watu waliopiga magoti, ili mtu mmoja asimame mbele akiwa na nguo chache. Tena huyo aliyesimama amepunguzwa Uafrika kwa nywele na macho, kana kwamba uzuri wake ungetiliwa shaka bila hivyo. Hata hivyo nisimwonee. Ororo baadaye alikuja kuwa kiongozi wa kundi zima, akiwaamuru wanaume wa Kizungu, na wasichana weusi wengi walimpenda kwa hilo. Mhusika mmoja anaweza kubeba heshima na dharau kwa pamoja, na nadhani binti wa miaka 14 analiweza jambo hilo akielekezwa.

Usidhani kwamba dawa ni kumpa mwanamke mweusi kalamu basi. Jackie Ormes, Mmarekani mweusi, alianza kuchora katuni ya Torchy Brown katika gazeti la Pittsburgh Courier mwaka 1937, na kati ya 1945 na 1956 alichora kibonzo cha Patty-Jo, mtoto mweusi mwerevu aliyewasema wakubwa kuhusu ubaguzi wa rangi na siasa. Mwaka 1947 mtoto huyo alitengenezewa mwanasesere asiye kikaragosi, jambo lililokuwa adimu. Hapo rangi ilipewa haki yake. Lakini Ginger, dada mkubwa wa Patty-Jo, ambaye kwa kawaida hakusema neno, alichorwa amejipamba, na kiuno chake ni kilekile kinachokukera wewe.

Aliyekikwepa kiuno hicho ni Barbara Brandon-Croft. Kibonzo chake, Where I'm Coming From, kilianza mwaka 1989 katika Detroit Free Press, na mwaka 1991 kikaanza kusambazwa katika magazeti ya Marekani nzima. Wahusika wake ni wanawake weusi wanaozungumza juu ya kazi, wapenzi, malezi na siasa, na aliwachora vichwa na mikono tu, kwa kuwa alichoka kuona miili ya wanawake ikitangulia maneno yao. Mwombe shangazi alete kitabu cha vibonzo hivyo safari ijayo. Kwa sasa keti na binti, chukueni hadithi moja katika rundo lile, mfunike maneno yote kwa karatasi, kisha umuulize anadhani kila mtu aliyechorwa pale ni nani, na amejuaje.