Matza ya Pasaka: kuonja hakutoshi

Je, kuonja tu matza, yaani mkate usiotiwa chachu, kunatosha kutimiza amri ya kuila kwenye Pasaka ya Kiyahudi? Hapana, kipande cha kuonja hakitimizi amri. Usiku wa kwanza wa Pasaka Myahudi ale matza angalau kiasi cha zeituni moja, kwa Kiebrania kezayiti, na aimalize ndani ya muda wa kula nusu mkate, ambao leo wengi wanaukadiria kati ya dakika 2 na 9. Akidonoadonoa usiku kucha, haihesabiki.

Ugomvi uko kwenye hiyo zeituni. Maimonides, mwanasheria wa Kiyahudi wa karne ya 12, anaelekea chini ya theluthi ya yai. Shulhan Arukh, kitabu cha sheria za Kiyahudi cha karne ya 16, inataja nusu yai. Zeituni halisi ukiishika mkononi ni ndogo kuliko hapo, na wapo wanaosema marabi wa Ulaya ya kaskazini walikuza kipimo kwa kuwa mizeituni haikuota kwao. Naona hoja hiyo ina uzito.

Ila usichanganye na Yom Kippur, siku ya Kiyahudi ya kufunga na kutubu. Kule Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi (kitabu cha Yoma, sura ya 8), inapima kiasi kinachovunja mfungo kwa tende kubwa pamoja na kokwa yake. Chini ya hapo adhabu kuu, ya mtu kukatiliwa mbali na Mungu, haipo, lakini kula bado ni haramu. Mgonjwa ndiye hulishwa kidogokidogo chini ya kipimo hicho.